Klabu ya karate ni ya nani: Sensei, wazazi au watoto?

"Mimi ni mzazi hapa Nakuru. Watoto wangu wawili wanajifunza karate kwenye ukumbi wa jamii mtaani kwetu. Sensei, yaani mwalimu wao, alianza miaka sita iliyopita na watoto tisa. Leo wako 58, wa miaka 6 hadi 19. Ada ni shilingi 400 kwa mwezi, ila wanaolipa kwa kweli hawazidi 40. Pesa zote zinaingia kwenye simu yake. Simshuku wizi, mara nyingi ndiye anayeongezea nauli ya mashindano. Mwezi uliopita mfadhili alikubali kutununulia mikeka ya mazoezi, lakini akasema kwanza tujiandikishe, tuwe na katiba na akaunti ya benki. Tukaitana mkutano, nikajikuta nimechaguliwa katibu. Sensei anataka iandikwe kwamba yeye ni mwenyekiti wa kudumu, kwa kuwa katika karate mkanda wa chini haumwongozi mkanda wa juu. Wazazi kadhaa wanataka aondolewe kabisa kwenye mambo ya pesa. Wengine wanasema tukishakuwa shirika lisilo la faida hata posho hatapata. Vijana wakubwa nao wanauliza kama watapiga kura. Nianzie wapi bila kuivunja klabu?"

Mama, umeandika sentensi moja ambayo wengi wanaoniletea swali kama lako huisahau: humshuku Sensei wizi. Ishike sana, maana katika wiki chache zijazo kuna mtu atajaribu kukufanya uiachie. Vilabu vya vijana nilivyoviona vikifa, kuanzia Nakuru hadi Busia, vichache sana viliuawa na mwizi. Vingi viliuawa na watu wema wawili, kila mmoja akiamini klabu ni yake, na hapakuwa na karatasi ya kuwaamua.

Nilipokuwa kijana Kisumu nilikuwa katika klabu ya namna hiyo. Tulikuwa na mikeka 24 ya povu, ile inayoshikana kwa meno, tuliyopewa na msamaria mmoja. Mwalimu na mweka hazina walipokosana, mikeka ikahamishiwa stoo nyumbani kwa mweka hazina, eti kwa usalama. Mwalimu akasema ni yake kwa sababu aliyeitoa alikuwa rafiki yake. Mweka hazina akasema ni ya wazazi. Barua ya msaada ilikuwa imeandikwa tu "kwa vijana wa karate". Sisi tukarudi kuangukia saruji, na kabla ya mwaka kwisha wale wadogo wote walikuwa wameacha. Nasikia mikeka yenyewe iliishia kuliwa na panya. Kwa hiyo mfadhili anayedai katiba kabla ya kununua mikeka simwoni kama msumbufu. Huyo huenda alishaumwa na nyoka, ndiyo maana anashtuka akiona unyasi.

Nianze na hoja ya Sensei, maana ndiyo mzizi wa haya yote. Ndani ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, hakosei hata kidogo. Ngazi za karate hushuka kutoka juu. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alitoa dan za kwanza, yaani ngazi za mkanda mweusi, mwaka 1883. Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliuazima utaratibu huo na kutoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Mpaka leo mkanda hutolewa na anayekuzidi, wala haupatikani kwa kura. Tena lipo suala la usalama. Watoto 30 wakirusha mateke kwenye ukumbi mdogo, Sensei akitamka "yame" kila mguu unapaswa kusimama papo hapo. Pale hakuna anayeuliza kama akidi imetimia.

Klabu kama chombo huenda kinyume chake. Mamlaka yake hupanda kutoka chini: wanachama hukutana, huchagua kamati, huituma kazi, kisha kamati hurudi kwao kutoa hesabu. Mfadhili, benki na serikali huangalia upande huo tu. Hawajui hata kata moja, ile mipangilio ya mapigo ya karate, na hawahitaji kuijua.

Sasa, watu huchanganya ngazi hizi mbili kwa sababu anayezisimamia huwa ni mmoja. Sensei alianza na watoto tisa. Nani mwingine angeshika ada? Alikuwa mwalimu, katibu, mweka hazina na mfagiaji wa ukumbi. Kwa watoto tisa hilo si kosa. Kwa watoto 58 ni mzigo unaomdhuru hata yeye, kwa kuwa siku hesabu isipolingana kwa shilingi elfu mbili hana shahidi. Mweleze kwa mfano wa kwaya, maana sijaona Mkenya asiyeuelewa. Mwalimu wa kwaya ndiye anayeamua nani aimbe sauti ya kwanza na nani anyamaze kabisa, na mwenyekiti wa kwaya akiwa kwenye mstari humtii kama mwingine yeyote. Lakini mwalimu huyo huyo hatunzi sadaka, na hakuna anayesema amevunjiwa heshima.

Kwa hiyo msiandike "mwenyekiti wa kudumu". Sheria ya Michezo ya 2013, ambayo ndiyo mtakayoandikishwa chini yake, inataka katiba yenye uchaguzi huru, na cheo kisicho na mwisho hakina pa kukaa humo. Hata kama kingepita kimyakimya, fikiria Sensei akipata kazi Mombasa, au akiugua. Klabu itabaki na mwenyekiti asiyekuwepo na asiyeweza kubadilishwa, na benki haitawasikiliza.

Lakini, na hapa nawaambia pia wale wazazi wanaotaka aondolewe, hofu yake ina msingi. Anajua kwamba mkishachaguana, wazazi 25 waliojiunga juzi wanaweza kumfukuza mtu aliyetoa jasho miaka sita, kwa sababu tu mtoto wa mmoja wao hakupandishwa mkanda. Yametokea kwingine na yatatokea tena. Njia ni kumpa anachokihitaji kweli, nacho si kiti cha mwenyekiti. Undeni cheo cha Mkufunzi Mkuu ndani ya katiba. Andikeni kwamba mambo ya ufundi ni yake peke yake: nini kifundishwe, nani yuko tayari kwa mtihani wa mkanda, nani amsaidie kufundisha, nani atolewe kwenye mikeka kwa utovu wa nidhamu siku hiyo. Kamati isiweze kumwambia ampandishe mtoto wala amshushe. Aketi kwenye kamati kwa nafasi yake hiyo, na asiondolewe ila kwa sababu iliyoandikwa, baada ya kupewa notisi na kusikilizwa, na kwa theluthi mbili ya kura za mkutano mkuu. Aandikwe pia kama mwanzilishi, kwa jina na mwaka, kwenye ukurasa wa kwanza. Haigharimu kitu, na nimeona wazee wakilainika kwa mstari huo mmoja.

Akitaka pia kugombea uenyekiti, agombee kama wengine. Mimi nisingemshauri, kwa kuwa mwenyekiti ndiye anayesimamia kikao mwalimu anapolalamikiwa, na mtu hawezi kujisikiliza mwenyewe.

Kuhusu kujiandikisha, mtasikia njia nyingi barazani, kwa hiyo niseme msimamo wangu mapema: andikisheni klabu ya michezo kwa Msajili wa Michezo. Sheria ile inapanga mashirika ya michezo kwa ngazi tatu, yaani klabu, chama cha kaunti na shirikisho la kitaifa, na inasema shirika la michezo lisiendeshe shughuli bila kuandikishwa. Ninyi ni klabu. Msijipe jina kama "Chama cha Karate cha Kaunti ya Nakuru" kwa sababu linapendeza kwenye bango. Hiyo ni ngazi nyingine, na mtarudishiwa makaratasi au mtagombana na watu msiowajua. Anzieni ofisi ya michezo ya kaunti, waambieni mnataka kuandikisha klabu, waombe orodha ya kinachohitajika kwa sasa. Katiba yenu itapaswa, pamoja na mengine, kufungua uanachama kwa umma bila ubaguzi na kuzingatia kwamba viongozi wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Kwa klabu nyingi za karate kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayowaamsha, maana utakuta wasichana nusu ya ukumbi na kamati yote ni wanaume.

Wengine watakwambia mwende kwa afisa wa maendeleo ya jamii mkajiandikishe kama kikundi, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Inatosha watu kumi, ni rahisi, na kama mngekuwa chama cha kuweka na kukopa ningesema nendeni leo. Tatizo ni kwamba cheti hicho hakiwafanyi kuwa klabu ya michezo machoni pa shirikisho, na mtajikuta mkianza upya siku mnayotaka kupeleka watoto kwenye mashindano rasmi. Ama ile Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, na kampuni isiyo na hisa, hizo ni nguo za mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita. Zina taarifa za kila mwaka ambazo klabu yenye ada ya shilingi 400 haina mtu wa kuziandika. Mkija kununua kiwanja tutazungumza.

Wanachama ni akina nani? Hapa ndipo katiba nyingi za kunakili hukwama, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya watu wazima wanaocheza wenyewe. Kwenu wachezaji karibu wote ni watoto, na mtoto kwa Katiba ya Kenya ni yeyote ambaye hajafika miaka 18. Mtoto anaweza kuwa mwanachama mchezaji, ila kura, saini na madeni ni ya mzazi au mlezi wake. Vijana wenu wa miaka 18 na 19 wapige kura kwa majina yao wenyewe. Ni watu wazima. Wale wa chini wachague wawakilishi wawili, msichana na mvulana, waingie kwenye kamati wakiwa na haki ya kusema bila kura. Msiwafanye mapambo. Mtoto wa miaka 13 ndiye atakayewaambia mlango wa choo cha ukumbi haufungi, jambo ambalo nyinyi wazazi mnaoishia getini hamtalijua.

Mzazi mwenye watoto watatu apige kura ngapi? Mimi napendelea kura moja kwa kila nyumba. Nimewahi kuona familia mbili kubwa zikichukua klabu nzima kwa hesabu ya watoto, na haikuwa nzuri.

Suala la ada na kura nitalikalia kidogo, kwa sababu majirani zenu watalileta kwa maneno matamu: "Asiyelipa asiseme." Kwa watoto 58 na walipaji 40 inaonekana haki. Angalia linakoelekea. Wale 18 wasiolipa ndio ambao klabu hii ina maana kubwa zaidi kwao, na mkifunga kura kwa ada, baada ya miaka miwili klabu itakuwa ya wenye uwezo, ada itapanda hadi 1,000 kwa kura halali kabisa, na wale watoto watarudi barabarani. Fanyeni hivi: mzazi anayeshindwa aandikiwe msamaha wa ada, nusu au wote, na watu wawili tu wa kamati, kwa siri, kwa muhula mmoja unaoweza kuongezwa. Mwenye msamaha ni mwanachama kamili. Asiyelipa na asiyeomba msamaha ndiye anayepoteza kura. Na ada isidaiwe kamwe mbele ya mstari wa watoto. Mtoto akitajwa deni mbele ya wenzake leo, kesho harudi, na deni halilipwi pia.

Sasa hilo la kutokuwa na faida na posho ya Sensei. Wanaosema hatapata kitu wamekosea, na kosa lenyewe ni la kawaida sana. Shirika lisilo la faida linaweza kulipa anayefanya kazi: mlinzi, dereva, mwalimu. Lisichoweza ni kugawana kinachobaki. Mkimaliza mwaka na shilingi 30,000 mkononi, pesa hizo ni za mikeka, helmeti na nauli za mwaka unaofuata, wala si za kugawiwa wanakamati Desemba. Ndiyo tofauti nzima. Na msidhani kuandikishwa kunawasamehe kodi. Msamaha wa kodi huombwa peke yake kwa KRA, mamlaka ya mapato, na huna haja ya kuukimbilia mwaka huu. Mtakachohitaji mapema ni PIN ya klabu, kwa sababu benki itaiuliza.

Hesabu yenu wenyewe ni hii: walipaji 40 kwa shilingi 400 ni 16,000 kwa mwezi. Toa gharama ya ukumbi, maji na vifaa vya huduma ya kwanza, weka kidogo akiba ya safari, kisha jiulizeni mnaweza kumpa Sensei kiasi gani. Kiwe kiasi kinachojulikana, si asilimia ya makusanyo. Akilipwa kwa asilimia, kila mtoto mwenye msamaha wa ada anakuwa hasara yake binafsi, na mtakuwa mmempa mtu mwema sababu ya kumchukia mtoto maskini. Kiamuliwe na kamati akiwa ametoka nje ya chumba, kiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kiangaliwe upya kila mwaka. Posho iliyoandikwa ni heshima kwake kuliko kujichotea kidogo kidogo kwenye simu huku kila mtu akikisia.

Ada za mtihani wa mikanda zitengwe kabisa. Hapa pana mtego ambao karate inaujua duniani kote: anayeamua nani afaulu ndiye anayepokea ada ya mtihani, kwa hiyo mikanda mingi ni pesa nyingi. Sisemi Sensei wako anafanya hivyo. Nasema mfumo unaomsukuma mtu huko ni mbovu hata kama yeye ni imara. Ada ya mtihani ilipwe kwenye akaunti ya klabu, itolewe hapo kwenda kwa mtahini na makao makuu ya mtindo wenu wa karate kwa stakabadhi, na bei itangazwe mwanzoni mwa mwaka. Kama mnaweza kumwalika mtahini wa nje, alikeni.

Akaunti iwe ya benki, kwa jina la klabu, na watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Mume na mke wasiwe wawili kati ya hao, wala ndugu. Sensei anaweza kuwa mmoja wa watatu. Kumtoa "kabisa" kama wanavyotaka wale wazazi ni tusi lisilo na faida. Kinacholinda pesa ni saini ya pili, haijalishi ya kwanza ni ya nani. Benki itataka cheti, katiba, kumbukumbu za kikao kilichoamua kufungua akaunti, na vitambulisho. Waulizeni hapo hapo namba ya paybill inayoingiza ada moja kwa moja kwenye akaunti, ili mzazi aendelee kulipa kwa M-Pesa kama alivyozoea bila kupitia simu ya mtu. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina abandike ukurasa mmoja ukumbini: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Bila majina ya wadaiwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ukurasa ule mmoja ukikosekana miezi mitatu mfululizo, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Na ile miaka sita iliyopita? Msiikague. Najua hili litawaudhi wengine. Hamna risiti, hapakuwa na kanuni aliyoivunja, na mkianza kuuliza pesa za mwaka juzi mtapata vita badala ya hesabu. Pigeni mstari. Kaeni na Sensei, mwandike vitu vilivyopo ukumbini: vipi ni vyake, vipi ni vya klabu. Mwulizeni zile nauli alizoongezea ni zawadi au ni deni. Kama ni deni, kiasi gani, na klabu italipa kwa awamu au haiwezi. Kama ni zawadi, mshukuruni kwa maandishi. Wote watie saini, na hesabu ianze sifuri tarehe hiyo. Barua ya kutumia ukumbi nayo, kama iko kwa jina lake, iombwe upya kwa jina la klabu.

Kuna jambo hukuliuliza, na kwangu lina uzito kuliko yote hayo. Una watoto 58 na watu wazima wanaowagusa, kuwasahihisha miili yao na kusafiri nao. Katiba yenu iwe na sehemu ya ulinzi wa watoto kabla ya sehemu ya pesa. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto chumba cha kubadilishia nguo wala kwenye gari. Ujumbe wa simu kwa mtoto upite kwenye kundi lenye mzazi. Safari iwe na barua ya mzazi, mwanamke mtu mzima akiwemo kama kuna wasichana, na malazi ya watoto mbali na ya wakubwa. Picha za watoto zisipelekwe mtandaoni bila idhini ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalitaka hilo. Kila anayefundisha alete cheti cha maadili mema, mkijua kwamba cheti kile huonyesha tu waliokwisha kunaswa, kwa hiyo hakichukui nafasi ya macho yenu.

Na fimbo, hapana. Najua wapo wazazi wanaowaleta watoto karate ili "wanyooshwe", na wapo walimu wanaodhani mchapo ni sehemu ya mila za Okinawa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya mateso ya namna hiyo popote alipo. Kidevu kikipigwa katika kumite, yaani pambano la wawili, kwa bahati mbaya ni mchezo. Mtoto akipigwa kwa kuchelewa, ni kosa. Vilevile mtoto aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau yuko wapi, hafundishwi uvumilivu: anatolewa mikekani, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na harudi bila ruhusa ya daktari. Ile fomu ya "hatutawajibika kwa lolote" mnayoweza kunakili kutoka mtandaoni haiwasamehe uzembe. Ulizeni bima ya ajali ya wanamichezo; kwa kundi bei huwa si ya kutisha kama watu wanavyodhani.

Kuhusu shirikisho nitapita haraka. Kuna vitu viwili tofauti: mtindo wenu, ambao ndio unaotambua mikanda, na shirikisho la taifa, ambalo huchagua timu. Mwaweza kuwa na kimoja bila kingine, na kamati ijue inalipia kipi. Mzazi akiwaambia mtoto wake anakwenda Olimpiki, mwelezeni polepole: karate ilichezwa kwenye Michezo ya Tokyo mwaka 2021, haikuwemo Paris 2024.

Kwa wiki hii, usianze kwa kuitisha mkutano. Mwendee Sensei kwanza, nyumbani au popote anapokunywa chai, pamoja na mtu mmoja anayemheshimu. Nenda na karatasi mbili tu: ile ya Mkufunzi Mkuu na ile ya mstari wa hesabu. Mwache azisome, azirekebishe kwa kalamu yake. Ukimpeleka mkutanoni mbele ya wazazi 40 akasikie mambo haya kwa mara ya kwanza, atajibu kama anayepigana, na ndivyo alivyofunzwa. Mkishaelewana, mpe yeye aisome sehemu ya ufundi mbele ya wanachama.

Kuna mahali ushauri wangu unaishia. Ukisikia hata fununu kwamba mtoto ameguswa vibaya au anapigwa, usiipeleke kwa kamati na usisubiri kikao: piga 116, namba ya bure ya watoto, au nenda kwa afisa wa watoto au polisi. Klabu haichunguzi mambo hayo. Mkikwama kwenye katiba, afisa wa michezo wa kaunti ameona nyingi. Mpelekee rasimu akiwa na muda, si saa kumi jioni ya Ijumaa. Mgogoro ukishindikana baada ya mzee mnayemwamini kuwasikiliza, Jopo la Mizozo ya Michezo linaweza kuusikiza pande zote zikikubali, kwa hiyo andikeni kukubali huko ndani ya katiba sasa hivi mkiwa bado mnasalimiana. Na kama Sensei atakataa kila kitu, mwanasheria mmoja kwa saa moja atawagharimu kidogo kuliko klabu mbili mtaani.

Mfadhili naye mwambie ukweli: mnahitaji muda wa kujiandikisha, na mngependa barua yake ya msaada itaje jina kamili la klabu kama mmiliki, idadi ya mikeka, na kwamba klabu ikivunjika mikeka iende kwa shule au klabu nyingine ya vijana Nakuru. Kama ana haraka na anataka kuileta kesho kwa jina la Sensei au kwa jina lako, mkatalie kwa adabu. Mikeka ikikaa dukani mwezi mmoja zaidi haiozi.